Namna ya Kwenda Fildi ya Jiolojia Kilimanjaro na Kurudi Kama Ulivyokwenda

Kila mwaka, masomo yakiisha, wanafunzi wa jiolojia hupakizwa kwenye basi pamoja na mahema, masufuria, magunia ya mchele na mhadhiri mwenye kofia pana, wakapelekwa kuyaona mawe yakiwa kwao. Chuo kina nia njema. Kinataka kijana aliyekariri majina ya miamba kwa miaka miwili akutane nayo ana kwa ana, alale karibu nayo, apigwe na jua lilelile linaloipasua. Lakini fildi ina hatari moja isiyotajwa kwenye fomu ya afya: mtu anaweza kurudi ameelimika, na aliyeelimika ni mzigo kwa wenzake wa bwenini.

Mwongozo huu ni kinga. Umeandikwa kwa ajili ya kambi ya Chekereni, kwenye tambarare ya mpunga kusini mwa Moshi mjini, kwa sababu hapo ndipo hatari ilipo kubwa, ingawa kwa macho utaona matope tu.

1. Jichagulie mlezi

Kila fani ina mlezi wake. Wako ni William Desborough Cooley wa London. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima wenye theluji kileleni jirani kabisa na ikweta, akaandika alichokiona. Cooley, bingwa aliyeisoma Afrika yote bila kuikanyaga, akamsahihisha kutoka mezani kwake: theluji hakuna, mmisionari ameona vibaya. Mwaka 1861 ukaja msafara wa Baron Klaus von der Decken na kijana wa Kiingereza, Richard Thornton, nao wakasema theluji ipo. Cooley hakutikisika. Huo ndio msimamo unaotakiwa: mlima ukipingana na vitabu, mlima ndio umekosea.

Huyo Thornton jihadhari naye. Alikuwa mwanajiolojia wa msafara wa Livingstone kule Zambezi, na mwaka 1859 Livingstone alimwachisha kazi kwa madai ya uvivu. Mtu wa namna hiyo ungetegemea awe mwenzetu. Kumbe alipofika Kilimanjaro alipanda na von der Decken hadi karibu mita 2,500, mpaka msitu na hali ya hewa vikawarudisha, na aliposhuka alikuwa ameona mawe ya kutosha kusema kwamba mlima huu umejengwa na volkano. Alifariki mwaka 1863 akiwa na miaka 25. Basi ujue kwamba fildi inaweza kumharibia mtu hata uvivu wake.

2. Basini, funga pazia

Ukitokea Dar es Salaam, kuanzia Mombo mpaka Mwanga milima itakuwa upande wako wa kulia: kwanza Usambara, kisha Upare. Kwa hiyo kaa kushoto. Mhadhiri atasimama katikati ya basi ameshika viti viwili, apaze sauti kuishinda filamu ya Kibongo, aseme kwamba miamba ya Upare ilipikwa na kukandamizwa kilomita nyingi chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, mabara yalipogongana. Atanyoosha kidole mbele na kuongeza kwamba Shira, iliyo kongwe kuliko zote kati ya volkano tatu za Kilimanjaro, ina miaka kama milioni 2.5 tu, Mawenzi ikafuata, na Kibo ndiyo kitinda mimba.

Hapo anakudai uelewe kwamba kutoka Mwanga hadi Himo, safari isiyomaliza hata soda yako, umetoka kwenye mwamba wa kale mno na kuingia kwenye mwamba wa juzi, na kwamba barabara imepita katikati bila kuweka hata kibao. Usikubali kudaiwa. Lala. Basi likisimama, mtu pekee wa kumsikiliza ni muuza mahindi ya kuchoma.

3. Vifaa vya kuonekana navyo

Nyundo ni ya picha. Iweke begani, Kibo iwe nyuma yako, posti kabla wingu halijafunga. Wenye kazi yao huilaza nyundo juu ya mwamba ili atakayeiona picha ajue ukubwa wa kinachoonyeshwa. Wewe ukubwa unaotaka ujulikane ni wako.

Chupa ya asidi hafifu ni ya kuchezea. Ukiidondoshea chokaa hutoa mapovu. Lava ya Kilimanjaro haina habari nayo. Dondoshea kila jiwe unaloliokota, na usipoona mapovu andika kwamba asidi imeisha nguvu.

Lenzi ya mkono ina siri ambayo usiijaribu. Wajuao huisogeza karibu kabisa na jicho, kisha wanalileta jiwe taratibu mpaka lionekane. Ukifanya hivyo kwenye kipande cha lava ya Kibo utakutana na fuwele nyeupe za feldispa zenye umbo la uru kwenye karata, zimetawanyika ndani ya mwamba mweusi, kila moja ilikua polepole wakati uji wa moto ulikuwa bado chini, kabla haujatupwa nje na kuganda ghafla. Waliowahi kuliona hilo mara moja huanza kuokota kila jiwe. Lenzi ivae shingoni.

Daftari la fildi hujazwa palepale, kwa penseli, kwa sababu wino hutoroka na jasho. Wewe lijaze usiku, kwa kunakili kutoka kundi la WhatsApp la darasa, ambako nako mwenzio amenakili kwa aliyekuwa amelala.

4. Barua na mihuri

Kabla ya kugusa jiwe lolote lazima barua ya utambulisho ianze kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani, ipite halmashauri, ifike kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji, imalizikie kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye leo yupo msibani. Usinung'unike. Hili ndilo somo la matabaka utakalolielewa kikamilifu katika safari nzima: mhuri uliolala juu ya mwenzake ndio uliogongwa mwisho.

5. Ukifika, ilaumu Chekereni

Sentensi yako ya kwanza ukishuka kwenye basi iwe: "Hapa mbona hakuna mwamba?" Utakuwa umesema kweli. Kuna majaruba, mifereji, pawatila linalovuruga tope, vijana wanaofukuza ndege kwa makopo, na kwa mbali kaskazini mlima umejifunika. Lalamika kwamba wenzenu wa vyuo vingine wanapelekwa Oldoinyo Lengai kuona lava isiyo na mfano duniani, ninyi mmeletwa shambani.

Lisikufikie wazo kwamba mlima wenyewe ndio umelala chini ya viatu vyako. Mito kama Rau na Njoro imekuwa ikiusaga na kuuteremsha: mawe makubwa yanaachwa juu, kokoto chini kidogo, mchanga chini zaidi, na huku tambarare unafika ule ungaunga laini uliogeuka mfinyanzi. Anayepanda Kibo anaona kilele tu. Anayekaa Chekereni mlima unamjia wenyewe, kila msimu wa mvua, bila mpagazi. Hii ndiyo sababu mhadhiri ameweka kambi hapa, na ndiyo maana usimwulize sababu.

Kuhusu mahali pa hema, chagua jaruba lililokauka. Pamesawazishwa, hapana visiki, na kingo zake zinazuia upepo. Mfinyanzi wa hapa hauruhusu maji kuzama upesi, sifa iliyofanya mwaka 1987 ukamilike hapa mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, kwa fedha za Japani, ukiwa na hekta zipatazo 1,100 za mpunga, na baadaye, mwaka 1994, kikaanza Chuo cha Mafunzo ya Kilimo Kilimanjaro hapohapo Chekereni. Wewe hayo huyajui. Utayajua saa nane usiku, ikifika zamu ya maji ya mwenye jaruba, godoro likianza kuelea.

Chandarua nacho kiache bwenini. Mbu wa mpunga ni wakarimu, hawabagui mwaka wa pili na wa tatu.

6. Wenyeji wajibu kwa lugha ya kitabu

Asubuhi utamkuta mama ameinama kwenye jaruba, fungu la miche mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukichomoa na kuzamisha topeni bila hata kuangalia, mstari umenyooka kuliko mistari ya ramani yako. Atainuka taratibu, kiganja kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnapima mashamba?"

"Hapana mama, tunasoma miamba."

"Ahaa. Na madini yapo?"

Maswali haya mawili hukutana nayo kila mwanajiolojia nchini, na yote mawili yana akili. Mtu wa mwisho kuonekana hapa akiwa na kofia, dira na daftari aliacha bikoni, na baada ya bikoni ukafuata mgogoro. Na madini si ndoto: Mirerani, ambako tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967, si mbali na hapa, na mwaka 2020 Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7 na ushee. Anayeuliza kama madini yapo anauliza swali ambalo mtu wa jirani lilimjibu vizuri.

Wewe mjibu hivi: "Mama, sisi tunashughulika na mwelekeo na mwinamo wa matabaka." Atakutazama, atasema "Haya baba," na kurudi kwenye miche yake. Umefanikiwa.

Ole wako ukikosea na kumwuliza yeye. Atakuonyesha kwa kidole: jaruba hili likijazwa Jumatatu linakaa na maji mpaka mwisho wa wiki, lile la pili linakunywa usiku kucha, chini yake kuna mchanga, kule kwenye kona pana chumvi, mpunga unatoka umenyauka. Kabla hujafunga mdomo atakuwa amekupa ramani ya upenyaji wa maji ardhini, ile ambayo mngeitafuta siku tatu kwa mirija na saa ya kupimia. Akikuelekeza kwa fundi wa visima ndiyo mbaya zaidi, maana huyo atakuhesabia tabaka moja baada ya jingine, udongo mweusi, mfinyanzi, mchanga, kokoto za mviringo, na kukwambia ni urefu gani alipokutana na maji. Kokoto za mviringo maana yake mto ulipita pale. Ukishajua hilo hulisahau tena, na usingizi wa basini umekwisha.

7. Wakikuuliza maji yanatoka wapi, sema barafuni

Jibu hili linapendwa na kila mtu. Lina picha nzuri: barafu ya Kibo inayeyuka, matone yanashuka, mpunga unanywa. Lina huzuni pia, kwa sababu barafu hiyo kweli inakwisha. Mwaka 1912 ilifunika kama kilomita za mraba 12; kufikia 2011 zilikuwa hazifiki 2.

Shida ni kwamba mlima haukubali. Sehemu kubwa ya maji yanayofika tambarare ni mvua ya msituni, ule ukanda wa kijani ulio juu ya vihamba vya migomba, ambako upande wa kusini mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Maji hayo huzama kwenye lava iliyopasuka na majivu ya volkano, husafiri gizani, na huibuka miguuni mwa mlima kama chemchemi. Mchango wa barafu kwenye mito ni mdogo mno.

Usiseme hivyo hadharani. Ukisema barafu, wa kulaumiwa wako mbali, wana viwanda, hawatakuja kwenye mkutano wa kijiji. Ukisema msitu, lazima useme nani anakata miti. Ukisema mto, lazima useme kwamba baada ya mpunga wa Chekereni kulipa, wakulima wa juu nao walifungua mifereji yao na kulima mpunga, wana haki yao ya kula, na maji ya huku chini yakapungua. Hapo jiolojia imeshageuka kikao, na kikao kina kumbukumbu na sahihi. Barafu haina shamba wala kura. Shikilia barafu.

8. Safari za pembeni

Ziwa Chala. Ni kasoko lililojaa maji mashariki mwa mlima, nusu Tanzania nusu Kenya, lenye kina cha mita 90 hivi, na sehemu kubwa ya maji yake huingia kupitia chini ya ardhi. Piga picha ukingoni, usishuke kuoga, husemwa mamba wamo. Mhadhiri akianza kusimulia kwamba mwaka 2016 watafiti kutoka mataifa mbalimbali walikuja na mitambo wakatoboa sakafu ya ziwa hili kwa zaidi ya mita 200, wakaondoka na mirija ya tope tupu yenye historia ya mvua na ukame ya zaidi ya miaka 200,000, cheka kwa sauti. Watu wazima wamepanda ndege kufuata matope! Usiyahusishe na yale yaliyoko kwenye viatu vyako.

Kasoko la Maundi. Unapita lango la Marangu, unapanda msituni hadi vibanda vya Mandara, mita 2,720, kisha mwendo mfupi tu. Ni kimojawapo cha vilima vingi vidogo vilivyotoboka ubavuni mwa mlima wakati uji wa moto ulipotafuta njia ya mkato. Wewe fika Mandara, vua viatu, sema kifua kinabana. Wenzako wakirudi wakisema waliuona mlima wote na tambarare mpaka Kenya, waulize kama mtandao ulikuwepo.

Chemka. Huku hakuna anayehitaji mwongozo. Maji safi ya uvuguvugu yanatoka ardhini kwa nguvu chini ya mikuyu katikati ya nchi kavu, na darasa zima litakuwa majini kabla mhadhiri hajateremka. Sharti ni moja: mtu yeyote asiulize imekuwaje mahali pasipo na mvua pakatoa mto mzima. Ukiulizwa na mhadhiri, jibu unalo tayari. Barafu.

9. Ripoti

Mwaka 1953 na 1957 watu wa Chuo Kikuu cha Sheffield na idara ya jiolojia ya Tanganyika waliuzunguka na kuupanda mlima huu, wakachora kila mkondo wa lava walioufikia, na kitabu chao, kilichoandikwa na Downie na Wilkinson, kikatoka mwaka 1972. Miaka 15 tangu safari ya pili. Wewe una usiku mmoja, bando la saa 24 na desa la mwaka juzi. Linganisha ufanisi.

Badilisha jina na namba ya usajili. Tarehe ziache, zinaonyesha uzoefu. Kama desa linasema "tuliona gari la chuo likikwama kwenye mchanga wa Dodoma," futa Dodoma, weka Moshi. Shukrani zijaze kurasa mbili: Mungu, wazazi, mhadhiri, dereva, mpishi, na mtu mmoja wa siri unayemwita "wa pekee". Matokeo ya utafiti yasizidi nusu ukurasa, ili msahihishaji asichoke. Hitimisho liseme: "Utafiti zaidi unahitajika." Hiyo itakuwa sentensi pekee ya kweli, na utaipatia alama.

10. Huduma ya kwanza

Pamoja na tahadhari zote, kila mwaka wapo wanaoambukizwa. Dalili huanza taratibu. Mgonjwa anaacha kusema "mawe" na kuanza kuuliza ni mawe gani. Anaokota kokoto ya barabarani, anailamba, anatazama mbali. Nyumbani hali ugali bila kuuliza maji ya bomba la kijiji yanatoka chemchemi ipi. Wazee wanaanza kumpenda, kwa sababu anawauliza kisima cha zamani kilichimbwa wapi na kwa nini kilikauka, na anakaa kusikiliza jibu. Begi lake linakuwa zito kuliko yeye, konda anataka alipe mzigo, naye anakataa kusema kilichomo kwa kuwa anajua kitakachofuata: "Yaani umetoka Moshi na mawe?"

Ugonjwa ukikomaa hauna dawa. Waliougua hivyo leo ndio wanaotafuta maji vijijini na kuchora ramani tunazozikunja vibaya. Unachoweza kumsaidia ni adabu ya usafiri tu. Basi la kurudi likipita mahali ambapo kilima kimekatwa kupisha barabara, ukuta wa mwamba ukiwa wazi na mistari yake yote, atashindwa kujizuia, atasimama na kupiga kelele dereva asimame. Konda atamwuliza kama anataka kuchimba dawa. Mfundishe ajibu ndiyo. Akisema anataka kuangalia mwamba, watamwacha hapohapo.